Mnadani hawamuiti aliyegeuka: nilivyonunua trekta kuukuu Joburg ili shamba la baba lisiondoke

Wakuu, salamu kwenu nyote, na kwa dada zangu mnaosoma jukwaa hili la kilimo kimyakimya kama nilivyokuwa nikisoma mimi kwa miaka.

Mimi ni mwanamke. Naanza na hilo ili msiniite "kaka" halafu katikati ya uzi mkaanza kuombana radhi. Ni fundi cherehani, mzaliwa wa Handeni, Johannesburg nina miaka kumi sasa. Nashona Mayfair: mabaibui, sare za madrasa, mapazia ya watu wenye madirisha makubwa.

Nitakayoandika yamenipata mwenyewe. Trekta ninalolisema lipo na linalima. Asiyeamini aendelee kutoamini, halitapungukiwa tairi.

Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita kuna mtu humu kaandika kwamba minada ya zana za kilimo Sauzi "si mahali pa mwanamke wala mgeni". Nikasoma mara mbili. Nikaweka mkasi chini.

Sasa kaeni niwasimulie.

Tuanzie nyumbani, la sivyo hamtaelewa kwa nini fundi nguo alikwenda kusimama kwenye vumbi na Makaburu.

Baba alifariki 2015. Akaacha shamba la eka ishirini na tano, na katikati yake nyumba ambayo mama anaishi mpaka leo. Mimi ndiye mtoto wao pekee. Mdogo wake baba, Ba'mdogo Mhando, ndiye msemaji wa ukoo.

Najua mtauliza kwa nini nisikodi trekta, kwa hiyo nijibu mapema: nilikodi, misimu miwili. Trekta lilikuja kweli. Likapita kwa Ba'mdogo kwanza kwa sababu "liko njiani", likalima kwake, likaharibikia hukohuko. Lilipopona, mvua zilikuwa zimeshapita.

Mwaka wa kwanza nikasema bahati mbaya. Mwaka wa pili nikasema kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 2017 ukoo ukakaa kikao. Mimi sikuitwa. Nilipigiwa simu kikiwa kimeisha, watu wanakunywa chai.

"Zaina, shamba la ukoo halikai pori," Ba'mdogo akaniambia. "Masika yajayo yakikuta halijalimwa, nampa mtu wa ufuta. Mama yako atahamia kwangu. Chumba cha uani kipo."

Waliokulia mashambani mnajua. Mtu wa ufuta akishaingia kwa mkataba wa miaka, akafyeka, akaweka mipaka yake, hilo shamba umeshalisindikiza. Na mama yangu, aliyepanda michungwa ile kwa mkono wake, akakae uani kwa shemeji yake akisubiri kupakuliwa chakula!

Nikamwambia, "Ba'mdogo, litalimwa."

Akacheka, lile cheko la mtu mzima anapomcheka mtoto. "Utalima kwa cherehani?"

Nilikata simu nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na hasira mpaka nikashona mkono wa baibui ndani nje.

Kuna mama mmoja Kensington nilikuwa namshonea mapazia. Mumewe alikuwa ananunua vyuma chakavu minadani, na nyumba yao ilijaa magazeti yenye matangazo ya minada. Huyo mama ndiye aliyenifungua macho: wakulima wa huku wakizeeka, au wakihama, au mambo yakiwakalia vibaya, vyombo vyao vinapelekwa yadi ya mnada. Matrekta, plau, haro, kila kitu. Kila mwezi.

Nikapiga hesabu zangu, nikaona trekta kuukuu la huku, likipandishwa lori la mizigo ya Dar, naliweza. Kwa shida, lakini naliweza.

Mnada wa kwanza ulikuwa mwezi wa nane. Yadi iko nje kabisa ya mji upande wa mashariki, kule majengo yanapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza. Upepo mkavu, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikodi bakkie ya Sele, mtu wa Unguja anayewabebea watu mizigo Mayfair. Bakkie ndiyo pikapu ya huku.

Njia nzima Sele ananisema. "Bi Zaina, wewe na trekta wapi na wapi? Rudi tukanunue cherehani nyingine ya overlock, mambo sharp."

Getini unaandikisha jina, unaonyesha pasipoti, unaweka amana, unapewa kadi kubwa yenye namba. Ndani zana zimepangwa mistari, kila moja imeandikwa namba kwa chaki. Dalali anatembea mstari kwa mstari, umati unamfuata, anaimba bei kwa Kiingereza na Kikaburu kwa pamoja bila kuvuta pumzi.

Kuna neno moja alikuwa akilirudia: voetstoots. Maana yake unachukua kitu na kasoro zake zote, ukishatoka getini usirudi kulalamika. Nikalipenda. Nusu ya ndoa ninazozijua zilifungwa hivyo.

Trekta nililolitaka nililiona mapema. La bluu, lina mwavuli wa bati juu, limetunzwa na mtu mwenye kulipenda. Lilipigwa stata mara moja tu likashika.

Sasa sikilizeni kosa langu. Chekeni kabisa muishe, halafu tuendelee.

Mimi nimelelewa na kupatana bei. Kabla sijaja huku nilinunua vitambaa Kariakoo miaka minne, na Kariakoo kuna kanuni yake. Bei ikifika karibu na pale unapopataka, muuzaji akiwa bado anavuta, unasonya kidogo, unageuza mgongo, unaondoka taratibu. Hatua ya tatu, ya nne, utasikia tu: "Dada! Dada njoo, lete hiyohiyo!" Kuna muuzaji alinifuata mpaka kituo cha basi na jora begani.

Basi. Dalali alianza na bei ya juu, watu kimya. Akashuka. Akashuka tena. Nikajisemea, huyu namjua, wa Kariakoo tu huyu, ila kavaa kofia. Mtu mmoja akainua kadi. Nami nikainua. Tukapandishiana mara nne, tano. Bei ilikuwa bado iko ndani ya uwezo wangu, tena kwa nafasi.

Dalali akanitazama mimi.

Nikasonya. Nikageuza mgongo. Nikaondoka taratibu kuelekea maegesho, masikio yote nimeyaacha nyuma.

Hatua ya tatu.

Ya nne.

Ya saba.

Nikasikia nyundo. Paa!

Wallahi nilidhani ameuza kitu kingine.

Sele alikuwa amekaa juu ya bodi ya bakkie, kaona mchezo wote. Alicheka mpaka akashuka chini. "Bi Zaina, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa nasubiri kuitwa."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, na mtu huyo anakunywa kahawa kila Jumapili na Watanzania wenzetu nje ya msikiti. Mpaka Jumatatu Mayfair nzima inajua. Wakaniita Mama Trekta. Napita na mfuko wangu wa vitambaa, nasikia, "Mama Trekta, umeshaitwa?"

Niliumia, siwafichi. Si kwa sababu ya kucheka kwao. Trekta lile la bluu lilikuwa zuri kweli, lilikuwa langu, na nililiacha kwa maringo.

Ngoja, kuna mteja kaingia.

Nimerudi. Naona huko chini mmeshaanza "picha ziko wapi". Picha zipo, tulieni. Na yule anayeuliza trekta ni la kampuni gani, sisemi, mtaanzisha vita vya majina mpaka uzi ufungwe.

Nilisahau kuwaambia jambo moja la siku ile. Wakati tunatoka getini nilikuwa nalaani kwa Kiswahili na Kizigua, zamu kwa zamu. Mlinzi wa geti, mzee wa makamo mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ina kona, akainama dirishani.

"Mama, uko Muswahili ya wapi?"

Nikamwambia Tanzania. Akasema yeye ni wa Likasi, Kongo, anaitwa Papa Ilunga. Alikuwa ameniona.

"Mama, apa habaite mutu," akasema. "Ukigeuka, njo umesema hapana."

Hakucheka. Ndiyo maana nilimsikiliza.

Papa Ilunga alikuwa fundi wa mitambo mgodini miaka mingi. Vyeti vyake vya Kifaransa huku havikumfungulia mlango wowote, akaishia kulinda mlango wa wengine. Anaishi Kensington kwa mdogo wake mwenye gereji ndogo kando ya barabara kubwa. Jumapili nne mfululizo, akitoka kanisani, alinikuta pale na kunifundisha injini. Pesa alikataa. Nilimshonea mkewe vitenge vya kanisani, na mke akapita navyo mbele ya wenzake mpaka nikapata wateja sita.

Alinifundisha kwamba moshi una lugha. Mweusi, injini inakula mafuta kuliko inavyoweza kuyachoma. Wa bluu, inakula oili. Mweupe usiokwisha, maji yameingia yasipotakiwa. Alinifundisha kuchomoa kijiti cha oili na kuisugua kwa vidole: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kimbia. Alinipandisha kwenye trekta moja la mteja wa mdogo wake, nikajifunza klachi na gia kwenye kiwanja kisichofika hata hatua arobaini.

Lakini somo kubwa lilikuwa hili: usilitazame trekta siku ya mnada. Kuna siku moja kabla, siku ya kutazama, ambayo watu wengi hawaji. Uwe wa kwanza getini, uweke mkono juu ya injini kabla mtu hajaiwasha. Trekta gonjwa huamshwa asubuhi na mapema ili wateja wakija liwe limeshapata joto na linawaka kwa adabu.

Nikamuuliza kama hatapata shida kazini kwa kunifundisha haya.

"Mi niko nalinda mulango," akasema. "Habakunilipa nifunge kinywa."

Mwezi wa kumi nikarudi. Siku ya kutazama nilikuwa getini kabla jua halijapasha bati. Papa Ilunga alinifungulia kama anavyowafungulia wote, akanionyesha kwa kidevu mstari wa nyuma, na akaja baadaye kwenye mzunguko wake wa ulinzi.

Kulikuwa na trekta moja jekundu limepakwa rangi mpya, mpaka vifuniko vya magurudumu vinang'aa. Watu walikuwa wanalipiga picha. Nikaweka mkono: lina joto. Saa moja ya asubuhi, baridi, trekta lina joto!

Mwisho wa mstari kulikuwa na lingine ambalo hata chaki ya namba iliandikwa kwa uvivu. Boneti hakuna. Rangi imekwisha, hujui lilikuwa la rangi gani. Mahali pa kiti wamefunga kreti la soda kwa waya. Nyuma lina plau ya sahani tatu yenye kutu.

Papa Ilunga alipita, akasimama kana kwamba anakagua uzio.

"Tia mukono. Iko baridi? Bon. Waambie baiamshe sasa, uko unaona. Ile ya rangi muzuri baliiwasha kitambo, njo maana inaamuka bien."

Nikamwita mfanyakazi wa yadi akaliwasha. Likakohoa mara mbili, likatoa moshi mweusi, kisha likatulia na moshi ukapotea. Oili safi. Nilisimama pale nikisikiliza mpaka mfanyakazi akachoka na mimi.

Ndipo akaja mzee mmoja wa kofia. Papa Ilunga alikuwa ameshanionya kuhusu kundi hilo. Ni wanunuzi wa biashara, husimama pamoja kwenye uzio na hawapandishiani wao kwa wao. Mmoja ananunua kwa bei ya chini, halafu wanagawana wenyewe pembeni. Akija mgeni wanampandishia mpaka akimbie, ili mwezi ujao asirudi.

Akaniuliza kwa upole kama nimepotea, gari la chakula liko upande ule. Nikamwambia nanunua trekta. Akasema, mama, trekta si cherehani.

Wakuu, cherehani tena! Hakujua kazi yangu. Nadhani ndilo neno linalowajia wanaume wote wakiona mwanamke karibu na chuma.

Nikamwambia, "Najua. Cherehani ni ngumu zaidi."

Kesho yake mnada. Sele nilimkodi tena, kwa makusudi kabisa, nikamwambia asikae juu ya bodi, aje asimame karibu aone vizuri.

Dalali alipofika kwenye lile trekta la kreti la soda watu walianza kutawanyika. Akaanza bei, akashuka, akashuka. Nikatembea mpaka mbele kabisa, nikasimama naye uso kwa uso. Nikainua kadi.

Na sikuishusha.

Mzee wa kofia akapandisha. Kadi yangu iko juu. Dalali akataja bei nyingine, kadi iko juu. Mzee akapandisha tena. Hakuwa analitazama trekta hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu, na mwenzake kando anatabasamu.

Hapo nikaelewa. Walikuwepo mwezi wa nane. Waliniona nikiondoka kwa maringo kuelekea maegesho. Walichokuwa wanangoja ni mgongo wangu.

Bei ikafika mwisho wangu. Ikapita mwisho wangu kwa hatua moja. Nikaishika kadi kwa mikono miwili. Nikaona overlock yangu inauzwa. Na iliuzwa kweli, Jumatatu yake. Nikamwona mama yangu kwenye chumba cha uani. Nikakaza meno. Nilikuwa na hofu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

Wenzake wakaanza kumgusa mzee kiwiko. Maana kama ningegeuka sasa, yeye ndiye angebaki na takataka ile kwa bei ile. Akanitazama mara ya mwisho. Akashusha kadi.

Paa!

"Voetstoots," dalali akaniambia.

"Voetstoots," nikamjibu.

Nyuma yangu Sele akasema neno moja tu: "Eish."

Ya safarini sitayasema yote. Niwape moja tu la faida. Mpakani hawapokei mashine yenye udongo wa nchi nyingine, hata kidogo. Kwa hiyo trekta ni lazima lioshwe mpaka kwenye nyufa. Mimi na Papa Ilunga tuliliosha siku nzima, na mwisho nilikuwa nachokonoa sahani za plau kwa mswaki. Sele alikuja kuangalia, akavua viatu, akashika brashi.

Lori likaondoka na trekta. Watu wakaniambia, wewe baki, elekeza kwa simu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilifunga duka, nikapanda basi, siku nne, nikalikuta lori Dar.

Nilifika Handeni mwezi wa pili, udongo umekauka, mawingu bado. Lori lililishusha trekta barabarani, juu ya mteremko unaoingia shambani kwetu. Nilipotazama chini nikaona watu. Ba'mdogo, wazee watatu wa ukoo, mama yangu kasimama mlangoni na khanga mdomoni, na bwana mmoja mgeni ameshika kamba ya kupimia.

Mtu wa ufuta alikuwa ameshafika. Masika hayajafika, yeye kafika.

Nikashuka mteremko nikawasalimu wote kwa heshima, mkono kwa mkono. "Shikamoo Ba'mdogo."

"Marahaba. Hicho ndicho chenyewe?"

"Ndicho."

Nikarudi juu kwenye trekta, nikakaa kwenye kreti langu. Nikapiga stata. Kimya. Nikapiga tena. Betri ilikuwa imekufa safarini.

Ba'mdogo hakucheka kwa sauti, alitikisa kichwa tu na kumwambia mtu wa ufuta, "Chuma chakavu cha Makaburu." Watu wakacheka. Walikuwepo majirani wanaonijua tangu nilipokuwa mdogo nikienda madrasa, nao walicheka.

Nilikuwa na machozi karibu, nasema ukweli. Lakini lori lilikuwa limelishusha mteremkoni, na Papa Ilunga hakunifundisha stata tu. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya pili, nikaachia breki. Likaanza kushuka taratibu, kisha kwa kasi, watu wakapisha njia. Katikati ya mteremko nikaachia klachi.

Likashtuka, likakohoa mara mbili, moshi mweusi, na likashika.

Mama akapiga kigelegele kimoja. Kimoja tu, kisha akajiziba mdomo.

Nikashusha plau. Mfereji wa kwanza ulipinda kama mshono wa mwanafunzi wa siku ya kwanza, lakini udongo uligeuka. Niliporudi na wa pili Ba'mdogo alikuwa amesimama mbele.

"Zima hicho kitu tuzungumze."

"Betri imekufa, Ba'mdogo, nikikizima hakiwaki. Sema, nakusikia."

Akasema tugawane. Nusu ya mtu wa ufuta, nusu nilime. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kama jambo la busara kabisa.

Nikamwambia, "Ulisema masika yakikuta halijalimwa. Masika hayajafika, na linalimwa."

Akanitazama. Akawatazama wazee. Halafu, wakuu, akasonya kidogo, akageuza mgongo, akaondoka taratibu.

Mgongo ule ninaujua. Ule ni mgongo wangu mimi.

Kwetu mzee wa ukoo akiondoka kikaoni namna ile, ni lazima mtu amfuate. Anashikwa mkono, anaombwa radhi, "rudi Ba'mdogo, tumekosa," naye anarudi, na akirudi anarudi na lake. Kila mtu analijua hilo. Wazee wote wakanigeukia mimi. Mama akanitazama.

Hatua ya tatu.

Ya nne.

Kwenye mchungwa wa mwisho akapunguza mwendo. Akainama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Ya saba.

Nikatia gia.

Mtu wa ufuta alikunja kamba yake mwenyewe bila kuambiwa. Nilipata dereva kijijini, siku tano shamba likaisha, na mvua ya kwanza ilinikuta bado nipo.

Ba'mdogo hakusema nami msimu mzima. Msimu uliofuata alituma mtu kuomba alimiwe. Nikasema aje mwenyewe. Akaja. Mama, ambaye leo ndiye mkubwa wa trekta na anajua rangi za moshi kuliko mimi, akamwambia zamu yake ni ya nne. Alilimiwa ya nne, vizuri, mpaka kwenye kona.

Papa Ilunga bado yuko getini. Nimeshampelekea wateja watatu kutoka Mayfair, na hao wanamlipa. Sele ndiye anayewabeba. Jina Mama Trekta limebaki, na nimeliandika kwenye kibao cha duka langu chini ya "Mabaibui na Mapazia".

Nilichojifunza mnadani ni kidogo. Nenda siku ya kutazama. Weka mkono kwenye injini. Usipende rangi. Simama mbele.

Nilichojifunza nyumbani ni kikubwa zaidi. Miaka yote ile niliyokaa huku, kila kikao cha ukoo nilisubiri kuitwa. Niliona ni haki yangu, mtoto pekee wa marehemu, wataniita tu. Hawakuniita hata mara moja, na kila kikao nyundo ilikuwa inapigwa bila mimi.

Kikao cha mwaka huu pia hawakuniita. Nilipanda basi, nikaenda, nikakaa mbele.

Sasa uwanja ni wenu. Wenye maswali ya lori, mpaka na vipuri ulizeni. Na ninyi mnaotaka kuniambia nilimkosea adabu mzee, kwamba ningemwita, andikeni hapa chini kwa raha zenu. Nitawajibu mmoja mmoja.

Sigeuki.